Kanga na mashine: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanahusu jinsi vazi la pwani lilivyoilazimisha mashine kufuata mila, na jinsi mashine nayo ilivyopanua kile ambacho vazi hilo linaweza kusema. Historia imo, lakini sehemu kubwa ni mambo ya kushika mkononi: vipimo, rangi, uchapaji, ununuzi, ufuaji na uagizaji.

Kipi kilitangulia, kanga au kiwanda cha kanga?

Vazi lilitangulia. Katikati ya karne ya 19 wanawake wengi wa pwani walivaa merikani, pamba nzito isiyong'arishwa iliyokuja Zanzibar kutoka Salem, Massachusetts, au kaniki, yaani pamba iliyotiwa nili mpaka ikakaribia weusi. Biashara ya merikani ilikuwa kubwa kiasi kwamba Marekani iliweka konseli wake Unguja tangu mwaka 1837. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani (1861–1865) vilipokata mtiririko wa pamba hiyo, nafasi yake ikachukuliwa na bidhaa za Uingereza na India.

Madukani kulikuwa pia na leso za rangi, ambazo zilifika zikiwa zimechapwa mfululizo kwenye jora moja. Masimulizi ya Unguja na Mombasa yanaafikiana kuhusu kilichofuata. Wanawake walikata vipande vya leso tatu tatu bila kuzitenganisha, wakashona vipande viwili pamoja, wakapata nguo moja yenye leso sita. Mombasa hadi leo kanga huitwa leso. Wafanyabiashara waliona nguo hizo mitaani, wakaagiza Ulaya na India kitambaa kizima cha ukubwa ule ule, kilichochapwa tayari, chenye ukingo pande zote nne. Kwa hiyo umbo la kanga lilibuniwa kwa sindano na wavaaji wenyewe, kiwanda kikaja kuliiga.

Utumwa unahusianaje na kanga?

Unahusiana sana, na ni jambo lisilofaa kurukwa. Unguja ya karne ya 19 ilimtambua mtumwa kwa nguo: merikani na kaniki zilikuwa ndizo nguo zake. Utumwa ulipofutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, wanawake waliotoka utumwani walikuwa miongoni mwa waliozikimbilia kanga za rangi kwa nguvu kubwa. Kanga ilikuwa rahisi kuliko hariri, ilikuwa na rangi nyingi, na mitindo ilibadilika haraka. Mtu aliyenyimwa haki ya kuchagua vazi sasa aliweza kuchagua, na kuchagua tena msimu uliofuata. Viwanda vya Ulaya vilivyopata faida humo vilikuwa vinajibu hamu iliyozaliwa na historia hiyo.

Sehemu za kanga ni zipi, na vipimo vyake ni vipi?

Pindo ni ukingo unaozunguka pande zote nne. Mji ni uwanja wa katikati, wenye pambo kuu. Jina ni maneno yanayokaa katikati, juu kidogo ya pindo la chini, mara nyingi ndani ya kisanduku. Kila kipande kina takriban sentimita 150 kwa 110, na vipande viwili vinavyofanana ni doti moja. Doti huuzwa ikiwa haijakatwa, hivyo unapoikunjua dukani unapata kama mita 3.

Vipimo hivyo vina sababu. Sentimita 150 zinatosha kumzunguka mtu mzima na kubakisha sehemu ya kupishana mbele ili nguo isifunguke akitembea. Sentimita 110 zinatosha kutoka kifuani hadi chini ya magoti, au kiunoni hadi kwenye kifundo cha mguu. Kipande cha pili kinakwenda kichwani na mabegani, au kinageuka mbeleko. Ukipewa kanga yenye sentimita 135 kwa 100, na zipo nyingi, umeuziwa nguo isiyofanya kazi zake zote: mama mnene haimzunguki, na mbeleko inakosa ncha ya kufungia. Pima kabla ya kulipa.

Mbona kitenge huuzwa kwa yadi na kanga haiuzwi hivyo?

Jibu liko kwenye mashine.

Mashine nyingi za kuchapa kitambaa hufanya kazi kwa kurudiarudia. Silinda inazunguka, na kila mzunguko unaacha pambo lile lile. Mwaka 1963 kampuni ya Stork ya Uholanzi ilileta mashine ya skrini za mviringo, ambapo rangi hupita ndani ya silinda nyembamba ya nikeli yenye matundu madogo sana. Mzunguko wa kawaida wa silinda hiyo ni sentimita 64 hivi, kwa hiyo pambo linaanza upya kila baada ya sentimita 64. Kwa kitenge hilo halina shida, kwa sababu fundi atakikata popote.

Kanga haikubali hivyo. Pindo lazima lifunge pembe zote nne, mji ukae katikati, na jina lionekane mara moja tu, mahali pake. Hakuna mzunguko wa sentimita 64 unaoweza kuchora fremu yenye urefu wa sentimita 150. Zimebaki njia mbili. Ya kwanza ni skrini bapa: fremu kubwa inayofunika kipande kizima hushuka juu ya kitambaa, rangi inasukumwa, fremu inainuka, kitambaa kinasogea hatua moja, kazi inaanza tena. Ya pili ni silinda zilizotengenezwa kwa mzunguko mkubwa kuliko kawaida. Ya kwanza ni ya polepole, ya pili ni ya gharama. Viwanda vingefurahi kuuza kanga yenye pambo la kurudiarudia, maana ingechapwa haraka zaidi. Wavaaji hawakuikubali. Mashine ndiyo iliyobadilika.

Kanga huchapwaje, hatua kwa hatua?

Pamba ikitoka kwenye kufumwa ni ya rangi ya maziwa yaliyochujuka, na ina wanga uliopakwa kwenye nyuzi ili zisikatike kwenye mtambo. Kwanza huchomwa vinyweleo kwa mwali wa moto unaopita haraka. Kisha wanga huondolewa, kitambaa huchemshwa na kostiki soda ili mafuta asilia ya pamba yatoke, na hung'arishwa, kwa kawaida kwa haidrojeni peroksaidi. Hatua hizi hazionekani kwenye kanga iliyokamilika, lakini ndizo zinazoamua ubora wake. Mafuta yakibaki, rangi inakaa juu juu na kutoa madoa. Kemikali ikizidi, nyuzi zinadhoofika na kanga inachanika baada ya miezi michache.

Upande wa mchoro, kila rangi ina skrini yake. Kanga ya nyeusi, nyekundu na njano kwenye pamba nyeupe inahitaji skrini 3, kwa kuwa nyeupe ni kitambaa chenyewe. Zamani mchoraji alichora kwa brashi kwenye karatasi, kisha akachora tena kila rangi peke yake. Siku hizi kompyuta hutenganisha rangi. Skrini hupakwa dawa inayogandishwa na mwanga. Sehemu zilizofunikwa na filamu hazigandi, huoshwa, na hapo ndipo rangi itakapopita.

Rangi zenyewe ni za aina mbili kuu. Rangi za riaktivu, zilizoingia sokoni mwaka 1956, huungana kikemia na nyuzi za pamba, zikihitaji mvuke ili zishike na kuoshwa vizuri ili mabaki yatoke. Rangi za pigimenti hazishiki uzi. Hubandikwa kwa gundi na kukaushwa kwa joto. Njia ya pili haihitaji maji mengi ya kuoshea, na ndiyo maana imeenea kwenye kanga za bei nafuu.

Kosa la kawaida kuliko yote ni skrini kutokaa sawa. Ukiona mstari mweupe kati ya rangi mbili zilizopaswa kugusana, au nyekundu imepanda juu ya nyeusi, kitambaa kilisogea kati ya skrini moja na nyingine. Mistari myembamba inayorudi mahali pale pale kwenye kila kipande hutokana na takataka iliyonasa kwenye skrini. Mabaka mepesi ni ya msukumo usio sawa.

Mwishoni kitambaa hupewa wanga upya ili kisimame na kung'aa dukani.

Rangi za kanga zinatokana na mila au na kemia?

Vyote viwili, na havitenganishiki kirahisi. Kisutu, kanga ya nyekundu, nyeusi na nyeupe inayohusishwa na harusi, ni mfano mzuri. Wekundu wa kudumu kwenye pamba ulikuwa kazi ngumu ya mizizi, mafuta na madini, iliyochukua hatua nyingi. Mwaka 1869 wanakemia walifanikiwa kutengeneza alizarini, kiini cha wekundu huo, bila mmea, na bei ikaanguka. Hiyo ni miaka ile ile kanga ilipokuwa inachukua umbo lake. Nili ya kiwandani ilianza kuuzwa na BASF, kampuni ya kemikali ya Ujerumani, mwaka 1897. Rangi zilizokuwa za wachache zikawa za kila siku, na mila ikachagua: nyekundu, nyeusi na nyeupe zikaenda harusini, na hapo zimebaki ingawa leo kiwanda kinaweza kutoa rangi yoyote.

Maneno yaliingiaje kwenye kanga, na kwa herufi gani?

Kanga za mwanzo hazikuwa na maneno, zilikuwa na mapambo tu. Maneno yalipoingia yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambazo ndizo Kiswahili cha pwani kilikuwa kinaandikwa kwa karne kadhaa. Shule za kikoloni zilipoeneza herufi za Kilatini, kanga nazo zikahama. Mfanyabiashara Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, aliyejulikana kama Abdulla, anatajwa sana katika historia hii, alama ya "K.H.E. Mali ya Abdulla" pamoja na namba ya mchoro ilikuwa ukingoni mwa kanga zake na ni msaada mkubwa kwa anayetaka kutambua kanga za zamani.

Uchapaji wa mbali ulileta kasoro yake. Kanga ziliwahi kuchapwa Uholanzi, Uingereza, India na Japani na watu wasiojua Kiswahili. Herufi iliyosomwa vibaya kwenye oda ilichapwa vibaya mara elfu. Ndiyo sababu utakuta kanga za zamani zenye jina linaloeleweka nusu. Wanunuzi walizivaa zile zenye rangi nzuri, na wakaziacha zile ambazo kosa liliharibu fumbo.

Kwa nini mtu aseme kwa kanga badala ya kusema kwa mdomo?

Kwa sababu kanga inasema na inaficha kwa wakati mmoja. "Usisafirie nyota ya mwenzio" ikipita mlangoni kwa jirani, jirani anaweza kuelewa kila kitu. Akiuliza, jibu lipo tayari: nimependa rangi. Hakuna shahidi wa kuthibitisha vinginevyo.

Hili watu hulieleza kama ustadi wa lugha ya pwani, na ni kweli. Lakini tazama kinachowezesha kinga hiyo. Jina lile lile limechapwa kwenye maelfu ya doti na liko kwenye kila duka la mtaa. Lingekuwa limetariziwa kwa mkono kwenye nguo moja, kila mtu angejua ni nani kaliandika na kwa ajili ya nani. Uchapaji wa wingi ndio unaompa mvaaji pa kujificha: ameokota sentensi ya soko, hakuitunga. Mila ya mafumbo ilikuwepo kabla ya kiwanda, kwenye mashairi na nyimbo, ila kiwanda kiliipa vazi la kila siku na kivuli cha kutosha.

Si kila jina ni la vita. "Wazazi ni dhahabu kuwatunza ni thawabu" hupewa mama bila kificho, na "Wema hauozi" inafaa popote. Na anayetoa ana wajibu wa kusoma. Kumpelekea mfiwa kanga bila kuangalia jina ni kosa linalokumbukwa miaka.

Kwa nini jina linakaa pale linapokaa?

Kanga ikifungwa kiunoni, jina huangukia nyuma, chini ya nyonga, na husomwa na aliyepitwa. Ikijitandwa, jina hushuka mgongoni. Kwa hali zote mbili anayesoma ni yule aliye nyuma, na mvaaji hamwangalii usoni. Herufi huwa kubwa, zenye kimo cha sentimita 2 hadi 4, ili zisomeke kwa hatua chache.

Mahali hapo panaleta tahadhari pia. Kanga hukaliwa. Aya za vitabu vitakatifu na picha za watu wanaoheshimiwa zikichapwa bila kufikiri huishia chini ya makalio ya mtu kwenye mkeka. Ukichapisha picha, iweke katikati ya mji, mbali na pindo la chini, na uwaambie watu kuwa ni ya kujitanda.

Santuri, redio na simu zimebadilisha nini kwenye majina?

Siti binti Saad na wenzake walikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, na taarabu ya Kiswahili ikaanza kusikika mbali na ukumbi. Tangu hapo mistari ya taarabu na majina ya kanga vimekuwa vinapeana maneno: mstari unaopendwa unachapwa, na jina la kanga linalotembea linaimbwa. Redio na kaseti ziliongeza kasi tu.

Simu imefanya jambo tofauti kidogo. Maneno yale yale yanawekwa sasa kwenye status ya WhatsApp, na majina mapya ya kanga yanatoka kwenye mitandao. Lakini status ina jina na namba ya mwenyewe, inaonyesha saa iliyowekwa, na kwa kawaida humwonyesha aliyeiweka ni nani kaitazama. Ile kinga ya "nimependa rangi" haipo. Anayerusha kijembe kwa simu anajikuta kwenye ugomvi wa wazi siku hiyo hiyo, huku picha ya skrini ikizunguka kwenye makundi. Kwa maoni yetu ndiyo sababu simu haijaiondoa kanga kwenye kazi hii: inafanana nayo kwa maneno, haifanani nayo kwa usalama.

Je, kanga zinachapwa wapi sasa?

Tanzania, Kenya, India na China. Baada ya uhuru, serikali ya Tanzania ilitaka pamba ya nyumbani ifumwe na kuchapwa nyumbani. Kiwanda cha Urafiki, Dar es Salaam, kilianza mwaka 1968 kwa msaada wa China, na jina lake likawa karibu sawa na neno kanga kwa kizazi kizima. Viwanda vya umma vilipambana na vipuri, umeme na mtaji, na soko lilipofunguliwa kuanzia miaka ya 1980, mitumba na nguo za nje zikavibana zaidi. Viwanda binafsi vya Tanzania vinaendelea kuchapa. Kwa upande wa India, mji wa Jetpur katika Gujarat una mafundi wanaochapa kanga kwa ajili ya Afrika Mashariki.

Kanga ya polyester ni kanga?

Ina pindo, mji na jina, lakini haifanyi kazi ya kanga. Polyester hainyonyi maji, hivyo haimfai mama kujifutia wala kumkausha mtoto. Inateleza, na mbeleko inayoteleza ni hatari kwa mtoto. Inahifadhi joto. Karibu na moto wa jikoni inayeyuka na kunata kwenye ngozi, wakati pamba huungua bila kunata. Kwa gauni la sherehe haina tatizo. Kwa nyumba yenye mtoto mchanga, nunua pamba.

Nitajuaje kanga nzuri nikiwa dukani?

Geuza upande wa nyuma kwanza. Rangi iliyoingia vizuri inaonekana karibu sawa pande zote; ikiwa nyuma ni hafifu sana na mbele ni ngumu kushika, yaelekea ni pigimenti.

Sugua kona kwa kitambaa cheupe chenye unyevu, mara 10 hivi. Alama hafifu inavumilika, hasa kwenye nyekundu na nyeusi. Kitambaa kikigeuka rangi, achana nayo.

Sugua kitambaa kati ya viganja juu ya nguo nyeusi. Ukiona unga mweupe unadondoka na kitambaa kikalegea, ubora uliokuwa unaushika ni wa wanga. Kisha inyanyue dhidi ya mwanga: nyuzi ziwe zimebanana na zisiwe na matundu. Mwisho kunja kipande kimoja pembe kwa pembe. Pindo zisipokutana, kanga ilichapwa ikiwa imevutwa upande, na itajipinda zaidi ikifuliwa.

Kama huamini kuwa ni pamba, omba nyuzi mbili kutoka ncha iliyokatwa, zichome nje ya duka. Pamba inanuka karatasi na kuacha jivu laini. Polyester hujikunja na kuacha kidonge kigumu.

Niikate na kuipinda vipi?

Tafuta mpaka kati ya vipande viwili, ambapo pindo la kwanza linaisha na la pili linaanza, kisha kata kwa mkasi. Usiichane kwa mkono, kwa kuwa kitambaa huchanika kwa kufuata uzi, na uchapaji uliopinda kidogo utakufanya ukate ndani ya pindo. Pande ndefu zina kingo zilizofumwa na hazitatoka nyuzi. Za kupinda ni ncha 4 fupi za doti nzima. Kunja nusu sentimita, kunja tena nusu sentimita, pitisha cherehani. Fundi aliye nje ya duka huimaliza kwa dakika chache. Anayeacha kupinda hupoteza pindo lake taratibu, kila kufua nyuzi chache.

Ninaifuaje isichuje?

Mara ya kwanza iloweke peke yake kwenye maji baridi kwa nusu saa, ili wanga na rangi iliyobaki bila kushika vitoke. Suuza mpaka maji yawe karibu meupe. Baada ya hapo tumia sabuni isiyo kali, fua na rangi zinazofanana, na usiiache imekunjwa ikiwa mbichi, maana hapo ndipo nyekundu huhamia kwenye nyeupe. Anika kivulini au upande wa nyuma ukitazama jua.

Watu wengi huweka chumvi au siki. Chumvi husaidia kiwandani wakati pamba inatiwa rangi. Kwa kanga ambayo rangi yake haikushika, haitaigandisha. Siki haina kazi kwa rangi za pamba. Maji ya kung'arishia kama Jiki yanaua rangi na kudhoofisha uzi, hata yakiwa kidogo. Tegemea pia kanga mpya kurudi sentimita chache, hivyo mshonaji aifue kabla ya kukata gauni.

Tunataka kanga yetu ya harusi au ya kikundi. Tuanzie wapi?

Anzeni na idadi, kwa kuwa gharama ya skrini ni ile ile mkichapa doti 50 au 5,000. Kwa oda kubwa, skrini kwenye pamba ndiyo njia. Kwa oda ndogo wachapaji hutumia mashine za kidijitali, ambazo hazihitaji skrini. Hapa watu wengi hukosea: uchapaji wa kidijitali wa karatasi na joto, yaani sublimesheni, unashika kwenye polyester tu. Mkiahidiwa kanga 20 za pamba kwa njia hiyo, ama si pamba, ama zitafifia mapema. Ulizeni jina la njia na aina ya kitambaa kabla ya kutoa malipo ya awali.

Punguzeni rangi. Rangi 3 zilizopangwa vizuri hupendeza kuliko 6 zinazopandana, na kila rangi ni skrini ya kulipiwa.

Jina liwe la maneno 3 hadi 8, kwa herufi kubwa. Liandikeni kwa kuchapa kwenye simu na kulituma kwa maandishi. Msilisome kwa sauti kwenye simu, wala kulituma likiwa limeandikwa kwa mkono. Kisha ombeni karatasi ya majaribio yenye ukubwa halisi, watu wawili waisome herufi moja moja kuanzia mwisho kwenda mwanzo. Ukisoma kwa kawaida, jicho hukamilisha neno hata herufi ikiwa imepungua. Ombeni pia kipande kimoja cha kitambaa halisi mkifue, na hapo ndipo muidhinishe iliyobaki. Tengeni muda: skrini, kitambaa, uchapaji na kupinda havimaliziki ndani ya wiki ya sherehe.

Jambo moja la kufikiria. Kanga ya kikundi haina kile kivuli cha soko. Mkichapa kijembe kwenye doti 30 za upande mmoja wa ukoo, kila mtu ukumbini atajua mlengwa ni nani. Chagueni jina la kujumuisha.

Kanga iko nje ya Afrika Mashariki pia?

Ndiyo. Imefika Omani na familia zenye asili ya Zanzibar, na huko bado inavaliwa nyumbani. Madagaska ina lambahoany, ambayo nayo ina pindo, pambo la katikati na methali chini, ila kwa Kimalagasi. Mwaka 2008 kanga ya kumpongeza Barack Obama, yenye maneno "Upendo na amani ametujalia Mungu", ilifika hadi Marekani kwenye masanduku ya wasafiri.

Bibi ameacha sanduku la kanga za zamani. Tufanye nini?

Msizifue zote kwa pamoja, na msianze na sabuni. Piga picha kila moja ikiwa imenyooshwa, kisha picha ya karibu ya jina, ya pindo, na ya maandishi madogo ya ukingoni yenye jina la mfanyabiashara na namba ya mchoro. Maandishi hayo ndiyo yanayosaidia kujua umri wa kanga, pamoja na aina ya herufi na kama maneno yapo au hayapo.

Kwa kila picha andika ni nani aliivaa, alipewa na nani, katika shughuli gani, mwaka gani ukijulikana. Waulize wazee sasa, kwa kuwa jina la kanga lenye fumbo halijielezi likibaki peke yake. Hifadhi kanga kavu kabisa, ndani ya shuka safi la pamba badala ya mfuko wa nailoni unaonasa unyevu. Zikunjue kila baada ya miezi michache na uzikunje kwa mikunjo mingine, kwa sababu pamba ya zamani hukatika penye mkunjo uleule. Karafuu au vipande vya mdalasini husaidia kufukuza wadudu, lakini viweke kwenye kimfuko, visiguse kitambaa, maana mafuta yake huacha madoa.